Koromeo la Mkalimani

Jumatatu, 1 Machi 1971

Wote wasimame. Leo, mbele yangu mimi mwenyewe, nikiwa hakimu, karani na mlalamishi kwa pamoja, shauri la mwavuli mweusi wenye mpini wa mti limesikilizwa na kuamuliwa. Mwavuli ni wangu. Niliununua dukani kwa Harshad nikiwa na akili timamu. Ndugu yangu Kingori aliuazima mvua zilizopita, akaurudisha Februari, wakati ambapo hata mbuzi hana haja na mwavuli. Kuanzia leo haruhusiwi kuugusa. Rufaa hakuna.

Harshad aliponiuzia alisema, "Bwana Mutahi, hii mwavuli itazika wewe na mimi." Nilimjibu kwamba sitafuti mwavuli wa kunizika, natafuta wa kwenda nao kazini.

Nimeamua pia kuandika daftari hili mpaka mvua ya masika iishe. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Watiri husoma Kikuyu, Gicheru wa ofisini husoma Kiingereza, na Kingori hasomi.

Jumatano, 3 Machi

Hakuna mvua. Kingori amepita hapa mara mbili, akitazama mbingu.

Jumanne, 9 Machi

Kazi yangu ni ukalimani katika mahakama ya Nyeri. Mshtakiwa akisema Kikuyu, nasema Kiingereza. Hakimu akisema Kiingereza, nasema Kikuyu. Akija shahidi kutoka magharibi au pwani, nasema Kiswahili. Shule niliiacha darasa la nne. Kiingereza nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia nyama, na ndiyo maana mpaka leo najua habari nyingi ambazo hazina mwisho. Sheria ya mkalimani ni kusema "mimi" pale mwenye maneno anaposema "mimi". Kwa hiyo nimekiri wizi wa ng'ombe mara nyingi kuliko mtu yeyote katika Mkoa wa Kati, na bado ng'ombe wangu ni mmoja.

Leo hakimu amenikatiza. "Mkalimani, paza sauti." Nimepaza. Imetoka sauti ya mlango wa ghala. Shahidi amecheka, hakimu akamwonya, kesi ikamaliziwa na Gicheru.

Huyu Gicheru ni mkalimani wa pili, kijana wa Form Four, anavaa tai hata Jumamosi. Mtu akilia kizimbani, Gicheru anatafsiri maneno na kuyaacha machozi palepale. Mimi si hivyo. Mimi hutafsiri na machozi.

Sauti imekuwa hivi tangu kabla ya Krismasi. Watiri amenipa tangawizi, asali, ndimu na mafuta ya kondoo. Miezi hii koo langu limekula vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 17 Machi

Hakimu ameniandikia ruhusa ya siku moja niende hospitali, na kwa sauti yake ya hukumu akasema nisirudi bila jibu. Daktari wa hapa mjini ni Mwayalandi mrefu, inambidi ainame kwenye kila mlango. Amenishika ulimi kwa kitambaa, akauvuta, akaingiza kioo kidogo chenye mpini kama kijiko. Mtu anayekula kwa ulimi wake hapendi kuuona mkononi mwa mwingine.

Ametazama kwa muda. Nimejaribu kumsoma uso kama ninavyowasoma mashahidi, lakini alikuwa amevaa taa kwenye paji la uso, na mimi nilikuwa nalengwa machozi.

Halafu wamenilaza usingizi, wakakata kinyama kama punje ya mchele. Kimepelekwa Nairobi kuangaliwa. Kimenitangulia safari.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua imeanza, saa kumi jioni, na upepo wa kutoka mlimani. Nimekwenda nyuma ya mlango kuchukua mwavuli. Haupo.

"Kingori amesema mlikubaliana," Watiri akaniambia.

Jumatano, 31 Machi

Leo nimevunja kiapo cha kazi yangu.

Tuliitwa hospitali, mimi na Watiri. Daktari alifunga mlango, na hapo tu nilijua, kwa sababu mlango ule haufungiki vizuri na hakuna anayejisumbua nao. Akaongea Kiingereza, polepole, akinitazama mimi.

Alisema ni kansa. Iko kwenye uzi mmoja wa sauti, ndogo. Alisema ni nadra: kwa mtu asiyevuta sigara, wala ugoro, katika miaka yake yote hapa ameiona mara moja nyingine tu. Alisema njia anayoiamini ni upasuaji. Wataliondoa koromeo lote, watanitoboa tundu hapa chini ya shingo, nipumulie hapo. Nitaishi. Sitaongea tena. Akasema kuna njia nyingine, mashine ya mionzi huko Nairobi, majuma sita ya kwenda kila siku ya kazi. Wenye uvimbe mdogo kama wangu wengi hupona nayo na kubaki na sauti, si wote. Kisha akamtazama Watiri, akaniambia, "Please tell your wife."

Watiri akageuka. "Amesema nini?"

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba watanyongwa. Nimewaambia kwa Kikuyu safi, bila kupunguza neno, nikiwatazama machoni. Leo nimefungua mdomo nikasema, "Anasema ni kidonda. Kitapona."

Watiri akamtazama daktari, akanitazama mimi. "Huyu mtu ameongea mpaka mvua ikaanza na ikaisha. Yote hayo ni kidonda?"

"Kiingereza kina maneno mengi."

"Na hicho alichofanya na mkono hapa shingoni?"

"Alikuwa anajikuna."

Daktari akaniuliza kama Watiri ameelewa. Nikasema, "Yes." Hapo nimetafsiri uongo pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza sikusikia koo likiuma.

Tumerudi nyumbani kwa mguu tukinyeshewa. Watiri hakuniuliza tena. Amekaa na mimi ndani ya ndoa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba shahidi anayebanwa hukauka.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua. Sikwenda kazini.

Jumamosi, 3 Aprili

Jana nilimweleza Kingori ukweli, kwa sababu lazima mtu amweleze mtu. Alitoa kofia, akakaa, akasema sitakatwa na mtu yeyote wakati yeye yuko hai. Ati kuna mganga huko ng'ambo ya Kianyaga, alimtibu mtu wa Kutus ambaye koo lilikuwa limefungika kabisa, sasa mtu huyo ni mhubiri na majirani wanatamani lifungike tena.

Sitaandika kwamba sikutamani. Mtu akiambiwa achague kati ya kisu na mashine ambayo hajaiona, mizizi huwa na sura ya jamaa.

Leo tumeondoka alfajiri, tukazunguka mlima kupitia Karatina na Kutus, matope mpaka magotini. Nilinyeshewa. Kingori hakunyeshewa, alikuwa na mwavuli. Nikamwambia, "Huo ni wangu." Akaniambia, "Usiongee, unaumiza koo."

Nyumbani kwa mganga tumemkuta mkewe akichambua majani ya chai. Kingori akamwamkua kwa heshima zote, akaeleza kwamba tumetoka mbali kwa sababu ya sifa za mzee.

"Mzee hayuko," mama akasema. "Amelazwa Kerugoya. Anaumwa ngiri."

"Amelazwa hospitali?"

"Sasa alazwe wapi?"

Kingori akafikiri. Akanigeukia. "Tungoje?"

Jumatano, 7 Aprili

Nitaandika yote ya leo, maana sijawahi kuwa mshtakiwa na sasa najua kizimba kinavyokuwa.

Watiri aliniambia asubuhi twende hospitali, daktari ametuita tena. Hakuwa ametuita. Ni Watiri aliyekwenda jana akamwomba nafasi, kwa Kiswahili chake cha sokoni na vidole. Tulipofika mlangoni nikamwona Gicheru amesimama, tai imenyooka, viatu vinang'aa katika matope yote yale.

"Mzee, shikamoo," akasema. Hajawahi kuniamkia hivyo. Nikajua mambo ni mabaya.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Mimi ndiye nimemwita," Watiri akasema. "Baba Kabura, wewe ni mkalimani mzuri, lakini huwezi kutafsiri kesi yako mwenyewe. Hata kortini hawakubali."

Ni kweli hawakubali.

Tukaingia. Watiri akatoa Biblia kwenye kiondo, kutoka chini ya nduma, akaifuta udongo, akampa Gicheru. "Apa."

Gicheru akanitazama mimi. Nikatazama dirishani. Akaishika Biblia, akaapa kile kiapo chetu, kwamba atatafsiri kwa ukweli na ukamilifu kadiri ya ujuzi wake, kwanza kwa Kikuyu, kisha kwa Kiingereza ili daktari asihisi ametengwa. Daktari alivua miwani akasimama wima. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akisimama wima ndani ya nyumba.

Halafu daktari akarudia yote. Na Gicheru akayasema. Nilikaa pale nikimngojea ateleze, kwa sababu kazi ndiyo hiyo, mkubwa kumngojea mdogo ateleze. Hakuteleza. Kansa akaiita kansa. Tundu akaliita tundu. Alipofika pale pa kusema sitaongea tena, sauti yake ilitetemeka kidogo, akasimama, akameza mate, akaendelea. Kumbe naye hutafsiri na machozi, ila anayameza kwanza.

Watiri alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakunitazama hata mara moja. Gicheru alipomaliza, Watiri akasema, "Muulize: wakianza na mashine na ishindwe, kisu bado kitakuwepo?"

Daktari akajibu, Gicheru akasema, "Kitakuwepo."

"Na wakianza na kisu, sauti inaweza kurudishwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona anataka kuanza na kile kisichorudishwa?"

Mimi, mtu wa mahakama, nilikuwa na swali hilo mdomoni siku saba zilizopita na nikalimeza. Daktari akajipangusa uso. Akasema, kupitia Gicheru, kwamba amewahi kuwapeleka watu kwa mashine. Wanakwenda mara tatu, wanaona hakuna damu wala bendeji, wanasema si matibabu haya, wanarudi kulima. Au wanamaliza, wanapata nafuu, hawarudi kuangaliwa, na akiwaona tena hakuna la kufanya. Kisu, alisema, kinamaliza kazi siku moja. Hakimtegemei mgonjwa.

"Mwambie huyu atarudi kila akiitwa," Watiri akasema. "Mimi ndiye nitamleta. Na mwambie hivi, usipunguze: nimeolewa na mtu, sikuolewa na sauti. Ikibidi achukue sauti, achukue. Lakini ajaribu kwanza kutuachia, kwa sababu akinyamaza huyu, nyumbani kutabaki mimi na Kingori."

Gicheru akatafsiri mpaka Kingori. Daktari akacheka, akaniuliza mimi sasa ninataka nini. Nikajibu kwa Kiingereza, "The machine." Watiri akamwangalia Gicheru.

"Amesema mashine," Gicheru akamwambia.

Nje, Watiri alinishika mkono wa koti, jambo asilolifanya barabarani. "Kidonda," akasema. "Anajikuna." Akaniachia, akatangulia.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Kanisani nimefungua mdomo bila kuimba. Jirani yangu amenipongeza baada ya ibada, ati leo wimbo ulikwenda vizuri.

Jumatatu, 19 Aprili. Nairobi

Nimefikia Kaloleni kwa shemeji yangu, dada yake Watiri. Mashine iko kwenye chumba chenye mlango mnene kama wa kasha la benki. Wamenichora mistari ya zambarau shingoni, wakaniambia nisiioshe. Umelala, wanatoka wote mbio, mlango unafungwa, inanguruma kidogo, wanarudi wakitabasamu. Basi. Hakuna uchungu, hakuna joto. Sasa naelewa wanaorudi kulima.

Daktari wa hapa ni mwanamke wa Kihindi, mfupi, asiyerudia neno. Amenikataza kuongea. Kunong'ona pia, ati kunachosha nyuzi kuliko kuongea. Nimetoa kibao cha mawe, kile cha watoto wa shule, nilichopewa na Harshad nilipokwenda kumuaga. Nimeandika: "Mpaka lini?" Amejibu, "Mpaka niseme."

Jumanne, 20 Aprili

Mashine. Mvua.

Jumatano, 21 Aprili

Mashine. Mvua. Shemeji anaongea kwa niaba ya sisi wawili.

Jumapili, 25 Aprili. Nyeri

Nimekuja nyumbani siku mbili. Kingori ameniangalia shingo kwa makini, akaniuliza kama usiku ninawaka. Nimeandika kibaoni: "Mwavuli?" Akasema yeye hajui kusoma.

Jumatano, 5 Mei. Nairobi

Koo limeanza kuchubuka. Uji wa baridi tu. Lakini nataka kuandika kuhusu mzee wa Mwea.

Anaitwa Muriithi, analima mpunga kule kwenye mifereji. Tumekaa naye kwenye benchi siku kadhaa tukiamkiana kwa kichwa, yeye akiwa na mkewe mdogo. Sauti yake imebaki kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe. Leo daktari alimwita, kisha akatoka tena akiuliza kama kuna anayejua Kikuyu na Kiingereza. Muuguzi anayemtafsiria kwa kawaida alikuwa likizo. Benchi zima likatazama chini. Nikainua kibao changu, nikaandika: "Mimi. Lakini umenikataza kuongea."

Akafikiri. "Leo tu. Sauti ya kawaida, ndogo. Usinong'one."

Hivyo maneno yangu ya kwanza baada ya wiki mbili yalikuwa haya, kwa mzee mwenzangu: kwamba kansa yake imeshatoka kwenye nyuzi, imeingia kwenye gegedu, na mashine peke yake haitoshi. Lazima wakate koromeo. Ataishi, hataongea.

Nilikuwa nikiyasema polepole, nikitafuta mahali pa kulainisha. Mzee akainua kidole. "Wewe, mtu wa Nyeri. Naona unapunguza. Usipunguze."

Nikarudia bila kupunguza. Kila neno lilinikwaruza likipita, na kila neno lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Akakaa. "Na wewe, wanakukata?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Yangu ni ndogo. Ilionekana mapema."

"Nani aliiona?"

Nikafikiri. "Hakimu."

Alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akampiga mgongoni. "Mimi sikuwa na hakimu. Nilikuwa na mizizi, miaka miwili. Na wake wawili waliofurahi nimepunguza kelele." Akamgeukia daktari, akasema kana kwamba daktari anaelewa: "Kateni. Mpunga hauhitaji hotuba."

Nikatafsiri: "Cut. Rice needs no speeches." Nilisema hivyo nikiwa yeye, kama sheria inavyotaka. Nikaona aibu kwa kuwa na bahati. Kisha nikarudi kwenye benchi nikangojea mashine, na aibu ikaisha, bahati ikabaki.

Alhamisi, 6 Mei

Mashine. Sauti imekwenda kabisa. Daktari anasema ni kawaida.

Ijumaa, 14 Mei

Mashine. Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi kama sufuria. Daktari anasema ni kawaida. Nimeandika kibaoni: "Kuna lisilo la kawaida?" Akasema, "Wewe kuja kila siku."

Ijumaa, 28 Mei

Mwisho wa mashine. Nirudi kuangaliwa katikati ya Julai, na mpaka hapo nisiongee. Nilitegemea watapiga kengele au kitu. Wamenipa dawa ya kusukutua.

Jumatatu, 7 Juni. Nyeri

Siwezi kumeza hata mate bila kufunga macho. Nikijaribu, kwa siri, kusema "a" huko zizini, haitoki hata hewa yenye sura. Ng'ombe ameniangalia kwa huruma.

Leo nimewaza kwamba huenda wameichoma sauti pamoja na ugonjwa, kama mtu anayechoma nyumba kuua kunguni. Nimewaza kwamba Mwayalandi alikuwa sawa. Nimemwandikia Watiri kibaoni, kwa Kikuyu: "Je, kama imeshindwa?"

Amesoma akisogeza midomo. Amefuta kwa kiganja. "Kisu bado kipo. Kunywa uji."

Alhamisi, 10 Juni

Gicheru amekuja jioni baada ya kazi. Nilidhani amekuja kuona kama nimekufa, kuna nafasi ya mkalimani wa kwanza. Nilimkaribisha kwa kichwa.

Akavua tai, jambo ambalo kwa Gicheru ni sawa na kuvua shati. Akasema, "Mzee, nikueleze kesi za leo?" Na akazieleza. Lakini hakuzieleza, alizicheza. Alikuwa mshtakiwa aliyekamatwa na kuku wawili ndani ya koti akidai walimfuata wenyewe. Alikuwa hakimu akiuliza kama kuku walipanda koti wakitumia mfuko au mkono. Alikuwa kuku. Watiri alilazimika kuweka chini sufuria. Mimi nilicheka bila sauti mpaka koo likaniuma, na nikaona uchungu ule haukuwa mbaya kama wa jana.

Penye neno moja alilotafsiri kwa hakimu ningechagua jingine. Nimechukua chaki nikaliandika, nikamwelekezea. Kisha nikalifuta kabla hajafika kulisoma. Lake lilikuwa zuri zaidi.

Jumatatu, 14 Juni

Gicheru. Kesi ya mpaka wa shamba. Alikuwa mpaka.

Jumatano, 23 Juni

Nimekula irio, chakula cha kwanza kisicho uji. Kidogo. Watiri ameangalia pembeni ili nisione anavyoniangalia.

Jumamosi, 3 Julai

Mvua imekwisha, sasa ni ukungu. Mlima haujaonekana wiki nzima. Alfajiri nimemwambia ng'ombe "sogea" bila kufikiri, na akasogea. Tumeangaliana. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 14 Julai. Nairobi

Watiri amenileta, kama alivyoahidi, ingawa sikuwa na nia ya kutoroka. Kwenye benchi nimemkuta mzee Muriithi. Ana kitambaa cheupe shingoni, kinachotuna na kunywea akipumua. Amenenepa. Amenishika mikono yote miwili, akaanza kunieleza mambo mengi kwa vidole, na mimi nikiwa chini ya amri nikamjibu kwa vidole, wakalimani wawili bila lugha. Mkewe mdogo ndiye aliyetafsiri.

"Anasema ndege wa mpunga sasa anawafukuza kwa debe. Anasema wanaogopa debe kuliko walivyomwogopa yeye." Mzee akampiga bega. "Anasema pia hatujamshinda. Akikasirika anapiga debe nyumbani."

Amenipa furushi la mchele. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nimempa kibao.

Kisha nikaitwa. Ulimi, kitambaa, kioo. Daktari mfupi alitazama upande mmoja, akatazama wa pili, akamwita mwenzake atazame. Mwenzake akatazama, akasema, "Mm," akaondoka.

"Pasafi," akasema daktari. "Nilitaka tu aone kazi nzuri inavyokuwa. Utarudi kila mwezi mwaka mzima, kisha tutaona. Sasa ongea. Taratibu, usipige kelele."

Sikuongea. Nilikuwa nimekaa na ukimya muda mrefu, sikujua nianze na nini, na kwa kitu kama hicho mtu hataki kusema tu "asante". Nikainama kwa shukrani, nikatoka. Nje, Watiri akasimama kutoka kwenye benchi. Nilitikisa kichwa, kile cha juu chini, si kile cha pembeni. Akakaa tena. Akafungua kiondo, akatafuta kitu ndani yake kwa muda mrefu, na sidhani kilikuwemo.

Tulipanda gari kurudi Nyeri, Watiri dirishani. Baada ya Thika alilala begani kwangu, mdomo wazi. Sijawahi kusikia mtu akikoroma vizuri hivyo.

Jumapili, 18 Julai. Nyeri

Habari imeenea, kwa sababu Watiri hakukatazwa kuongea. Baada ya kanisa wamejaa uani: majirani, binti yetu Kabura na mumewe kutoka Karatina, Gicheru bila tai, hata Harshad amekuja na paketi ya majani ya chai. Mchele wa Mwea umepikwa wote. Kila mtu ananiangalia mdomo kana kwamba kuna kifaranga kitatoka.

"Ongea basi, Baba Kabura," Watiri akasema. "Watu wameacha kazi zao."

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nililala nayo siku nne. Yalikuwa yanaanza na Mungu, yanapita kwa Mwayalandi, kwa daktari mfupi, kwa hakimu, kwa Gicheru, na yanaishia kwa Watiri, na pale kwa Watiri kulikuwa na sentensi moja ambayo ingemfanya atazame chini. Nikasimama. Nikafungua mdomo, na hapo macho yakamwangukia Kingori, aliyekuwa amekaa karibu na sufuria, sahani imejaa.

"Kingori," nikasema, na ilitoka, nzito kidogo, na ufa upande mmoja, lakini ni yangu, ikafika mpaka kwenye lango. "Mwavuli wangu uko wapi?"

Akatafuna, akameza.

"Ule? Ulivunjika Aprili."